Jucimara Anafungua Mlango

Saa tatu usiku, mtaa wa Liberdade, Salvador.
Sebuleni kwetu watu kumi na wanne, viti sita,
mlango wazi ili wa barazani nao waone.
Mama kavaa gauni la kanisani.

Huyo! Sekunde kumi na moja.
Dada yangu, aproni nyeupe, sinia mkononi:
"Daktari amefika, bibi."
Kamera ikamfuata daktari.

Vigelegele. Valdecir wa jirani akapiga sufuria.
Mama hakupiga hata kofi.
"Sinia halishikwi vile," akasema.
"Gumba halipandi ukingoni.
Miaka thelathini na miwili nimelibeba,
si wangeniuliza?"

Usiku wa manane simu kutoka Rio.
Jucimara anasema alimuuliza mwandishi:
huyu mwanamke ukoo wake nani,
akitoka kazini hupanda basi gani,
nani humngoja?
Mwandishi akacheka, wala si kwa ubaya:
hayo hayajaandikwa.

Mama akaninyang'anya simu.
"Mwambie ana goti bovu.
Mwambie basi ni la saa kumi alfajiri,
na dereva hamsubiri mtu.
Ana binti mkaidi
anayesoma uigizaji,
na bibi yule hajawahi kuambiwa."

Kisha akachukua sinia letu la bati,
akalizungusha sebuleni gizani,
mgongo wima, gumba chini,
simu kaibana kwa bega.

"Unasikia hatua zangu?"
"Sisikii kitu, Mama."
"Ndiyo hivyo.
Na hilo waliandike."