Salio

Jumamosi baada ya Salongo, mikono ingali na tope la mtaro,
tuliketi nyuma ya kibanda cha Mushagasha, fundi viatu,
tukalipasua kopo.

Kopo la maziwa ya unga, lenye tundu la kisu kifunikoni.
Wiki sita limepanda na kushuka vilima vya Bukavu,
limelala kanisani, limelala baa,
na pale Nyawera mtu alilipiga teke, akauliza:
"Ninyi wa klabu, mnakula nini humo?"
Nsimire aliliokota, akalifuta kwa kitenge.
"Kutu, baba. Tunakula kutu."

Kazi yangu mimi ni kuandika.
Kushoto kilichoingia, kulia kilichotoka,
katikati mstari mwekundu ambao sithubutu kuupinda.

Basi niliandika.
Wauza sambaza wa soko la Kadutu: noti za mia tano,
laini kama majani ya maboga yaliyochemka,
zenye harufu ya ziwa.
Wapakia mchanga: faranga elfu tisa
na kifungo kimoja cha shati. Nacho nilikiandika.
Mjane Nabintu: debe la unga wa muhogo.
Mushagasha alilinunua palepale,
akapandisha bei mara tatu, akibishana na nafsi yake.

Na Mheshimiwa
(alitaka jina liandikwe kwa herufi kubwa, nikaliandika):
dola mia, noti moja, mbele ya kamera,
yeye kashika pembe hii, sisi tumeshika ile,
na mpiga picha anasema, "Tena. Tena kidogo. Wingu limepita."

Hesabu ilikuwa ya wazazi sita.
Wanawake sita waliojifungua
na hawajafunguliwa.
Vitambulisho vyao viko kwenye droo ya keshia,
mlinzi wa lango anazijua hatua zao.
Mmoja ana siku kumi na moja.
Ntakwinja ana miezi miwili na nusu;
mwanawe amejifunza kucheka
akiitazama dari ileile.

Tukapanda, watu saba,
fulana za njano zimefifia zikawa rangi ya chai.
Keshia alilowesha kidole kwenye sifongo.
Noti za sambaza alizihesabu bila kukunja pua, nikamheshimu.
Ile ya dola aliinyanyua kwenye mwanga.
"Imechanika."
Mahali padogo, ukucha wa mtoto mchanga, pale pembeni.
"Lakini ni mia," nikasema.
"Ni mia iliyochanika, mama. Hapa haiendi."

Nikateremka nayo hadi Essence.
Mbadilishaji fedha aliigeuza, akaigeuza,
akanipa sitini, akijiona mwema.
Kulia nikaandika: Picha, arobaini.

Sitini ziliwatosha watano.
Nani abaki? Hatukupiga kura.
Walizungumza wenyewe, kwa Mashi,
kwa sauti ya chini ya watu wanaogawana blanketi moja.
Kisha Ntakwinja akatugeukia:
"Mimi nimeshazoea. Hawa bado wanalia usiku."
Akavua kitenge chake cha juu
akamfunika nacho yule wa siku kumi na moja,
maana mvua ilikuwa imeshafika ng'ambo ya ziwa.

Tukashuka. Wazazi watano, watoto watano.
Hapana: mmoja ana pacha. Nikafuta, nikaandika sita.
Nsimire alianza vigelegele langoni,
vikamkatikia kooni.
Tope tulilolizoa asubuhi lilikuwa limerudi barabarani,
tukalikanyaga tukiwashika wenzetu viwiko.

Usiku niliufunga mwezi kwa taa ya simu.
Kushoto sawa. Kulia sawa, na ile Picha ndani yake.
Chini, penye salio, palistahili sifuri.
Kalamu ilikaa juu ya karatasi mpaka ikaacha doa.

Salio: Ntakwinja, na mtoto anayeichekea dari.

Sikupiga mstari chini yake.