Sukari Nitakupa

Sukari nitakupa, Mishi, hata chumvi,
mbuzi yangu ya nazi inaijua njia ya kwako,
na doti niliyoivaa Idi moja tu, chukua.
Vidonge hivi, hapana.

Najua joto lako. Usiku nakusikia
ng'ambo ya ukuta ukiilaani feni,
Barabara ya Kumi na Mbili nzima imelala.
Langu lilianza hivyo hivyo, usoni.

Pale Bombo, Sista Mhina hakuanza na dawa.
Aliuliza. Damu iliyokoma, imewahi kurudi?
Mguu, umewahi kuvimba mmoja, mwenzake mzima?
Nani kwenu aliugua titi?

Nikasema hakuna.
Kalamu ikangoja.
Ndipo nikamtaja shangazi Mwanjaa,
leso tatu kifuani, moja juu ya moja,
na udi mchana kutwa
tusiiulize ile harufu.

Nikapimwa kwanza. Nikarudi, nikapimwa tena.
Kidonge hiki kimekatwa kwa mwili wangu, kama gauni,
na bado nimeonywa:
kifua kikibana, kichwa kikigonga ghafla,
usingoje kupambazuke.
Matiti kujaa, tumbo kuchafuka,
hayo nayaandika nyuma ya daftari la vikoba,
nimpelekee.

Wewe una presha.
Na huo mguu wa kushoto unaoukanda mafuta
tangu Alhamisi, mimi nauona.
Usiukande tena.

Sukari utaikuta tukirudi.
Vaa viatu, Mishi.
Twende ukaulizwe.