Tisa, Sita

Malachy, nimempata mama yake bibi.
Si makaburini; kule Killaphort jiwe limemezwa na ukoka.
Yumo kwenye karatasi ya sensa, mstari wa pili, chini ya mume,
kwa mwandiko wa askari aliyebana herufi
kama mtu anayeogopa wino kumwishia.

Mkuu wa kaya: Thady McGourty. Hajui kusoma.
Penye sahihi pana msalaba uliolala upande,
na pembeni: alama yake.
Mwaka wa elfu moja mia tisa na moja ana miaka hamsini na miwili.
Miaka kumi baadaye ana sabini na mmoja!
Nilicheka peke yangu jikoni, chai ikapoa.
Katikati pensheni ilikuwa imeingia, ya waliotimiza sabini,
na mzee asiyejua a wala be
alijua hesabu iliyomfaa.

Kuta: mawe. Paa: nyasi.
Madirisha ya mbele: mawili.
Vyumba viwili, watu saba, banda la ng'ombe, banda la kuku.
Mvua haikuandikwa.

Lugha: kwa wazee, Kiayalandi na Kiingereza.
Kwa watoto pameachwa patupu,
na katika upana wa kidole kile
nyumba nzima ikahama lugha.

Kisha safu wanayoulizwa wake za watu pekee.
Watoto uliozaa wakiwa hai: tisa.
Walio hai hadi leo: sita.
Namwona askari, kofia magotini,
na Honoria amempa mgongo, anageuza viazi,
anajibu kwa nambari
kwa kuwa ni nambari alizoulizwa.

Sabina alikuwepo sensa ya kwanza, umri minne.
Ya pili hayupo.
Nikamtia kwenye wale watatu. Nikamwashia mshumaa,
wiki nzima nikamlilia mtoto wa watu
huku mboji ikizimika mekoni.
Jana nikamkuta Manorhamilton, kwa muuza vitambaa,
mzima wa afya:
mtumishi, kumi na minne, anajua kusoma na kuandika.
Lugha: Kiayalandi na Kiingereza.
Malachy, kwao aliachiwa patupu;
kwa watu baki akasema, ninayo, andika.

Zamani zaidi sioni kitu. Vitabu vingine serikali ilivisaga yenyewe,
vingine viliungua Dublin, na majivu yake, wanasema,
yalielea juu ya paa za watu.
Nina bahasha tu, na nyuma yake nimechora mistari mitatu.
Usinijazie kwa kubuni, nakujua.

Lakini kumbuka mama alivyokuwa akiwataja,
kidole kwa kidole, hadi saba,
cha saba akikikunja upesi, bila jina, na kuuliza nani kafunga kuku.
Mimi siku zote nilidhani ni Sabina.
Sabina yumo ndani ya sita.
Basi kidole kile kilikuwa cha nani?
Ukija Krismasi, njoo na miwani yako.