Muhtasari wa Kikao cha Salfa

Ajenda ilikuwa moja, nami ndiye katibu:
mfuko mmoja wa salfa, kilo ishirini na tano,
zawadi ya bonanza la kata, hapa Kitangari,
apewe "mwanamichezo aliyekamilika".
Maneno hayo aliyaandika diwani, kisha akasafiri.

Nalinga hakungoja kikao kifunguliwe.
Mpira wa miguu, alisema, kuna mwingine?
Unakimbia dakika tisini, unapiga kichwa, unaanguka, unainuka,
unawaza kwa miguu huku mtu anakuvuta jezi.
Akasimama kutuonyesha. Kiti kikapinduka.
Niliandika: "Mjumbe alifafanua."

Hokororo, aliyepanda ulingoni Masasi mara nne
na kushinda, kwa hesabu yake, tatu,
aliiweka ngumi mezani taratibu, kama anaweka yai.
Nyie mko kumi na mmoja, alisema.
Ukichoka unainama, unajifanya unafunga kamba za kiatu.
Ulingoni hufungi kamba. Kamba zinakufunga wewe.

Mwalimu Mnali alitaja watu wa mbali
wanaoshindana michezo kumi kwa siku mbili:
mbio, miruko, tufe, kisahani, mkuki.
Na hapa Kitangari?
Hapa mkuki hatuna, alikiri,
tunatupa mwanzi.
Lakini unakwenda.

Nikaweka kalamu chini. Netiboli, nikasema.
Wakatabasamu vile watu wazima wanavyomtabasamia
mtoto aliyesahau shairi katikati.
Nikawaambia: nyote mnasifu kwenda.
Kwenda hata mbuzi anakwenda.
Nani kati yenu anajua kusimama?
Unaudaka mpira hewani, mwili mzima bado uko safarini,
na sheria inakwambia: hapo hapo ulipotua.
Mguu mmoja umekuwa mzizi.
Sekunde tatu, umtafute wa kumpa.
Hapo panataka goti, kifundo, tumbo, jicho,
na akili iliyofika kabla yako.

"Na goti lako liko wapi?" Hokororo akauliza.
Hilo sikuliandika.

Somoe, mweka hazina, aliyeolewa huku akitokea Mikindani,
alikuwa bado anapanga risiti.
Kuogelea, alisema, bila kuinua uso.
Tulicheka mpaka mlinzi wa ghala akachungulia.
Kuogelea! Huku juu, ambako ndoo ya maji
tunaipangia foleni kabla ya adhana!
Chekeni, alisema. Nitajieni mchezo mwingine
ambao ukiacha kuucheza katikati, unakufa.

Hata ngumi ina refa.
Tukanyamaza, kila mtu akitazama kwake.

Kura: mpira moja, ngumi moja, riadha moja,
netiboli moja, maji moja.
Mwenyekiti hakuwepo wa kuvunja mkwamo.
Nikafika kwenye mstari wa mwisho wa fomu,
"Jina la mshindi",
na ndipo nilipoona kwamba tangu saa nane
hakuna aliyetaja mtoto yeyote.
Si Chilumba aliyefunga mawili akiwa peku.
Si Fadhina, ambaye wakati ule ule, dirishani,
alikuwa anang'oa nguzo ya goli la netiboli
aliyokuwa ameichimbia mwenyewe asubuhi.
Niliandika: "Kikao kimeahirishwa."

Wakaondoka wakibishana, sauti zao
zikageuka vumbi na pikipiki.
Bati la ofisi linavuja pale pale kila mwaka,
na mfuko ulikuwa chini yake.
Salfa na maji hazipatani.
Nikauinua begani, unga wa njano ukanimwagikia shingoni,
nikapiga hatua moja,
goti likalia kama korosho mbichi kwenye moto.

Nikasimama. Mguu mmoja ukawa mzizi.
Moja.
Mbili.
Nikageuza shingo kushoto, kulia,
macho yakitafuta, kwa mazoea tu,
wa kumpa.

"Fadhina," nikaita. "Njoo upesi."