Mizunguko Elfu Saba na Kitu

Mkorosho namba kumi na moja uliuawa na mnyauko,
na salfa tuliupulizia, mara mbili, ya mkopo.
Nikaukata. Kuni zikaenda jikoni kwa Somoe,
pande moja nikalificha uvunguni
likauke miezi tisa, kama mimba ya siri.

Mimi ni karani wa mizani, chama cha msingi, Tandahimba.
Mchana nasoma kilo za watu:
themanini na moja, toa gunia, themanini.
Wananitazama mkono, si uso.
Usiku navua shati lenye vumbi la korosho
na kuchora ubaoni umbo la kitu
nilichokiona mara moja tu, jukwaani, siku za kampeni,
nikiwa nyuma kabisa ya uwanja.

Shingo ni fremu ya mlango, mninga;
bawaba zimeiachia makovu mawili.
Juu yake kipande cha mpingo, zawadi ya Nkondola mchongaji,
masalia ya kichwa cha shetani.
"Usikipige randa sana," alisema, "bado kina hasira."
Nilikipiga. Randa ikang'oka jino.

Spoku za baiskeli nikazikata ishirini na moja,
pa kuzilaza sikupajua
hadi Mwalimu Chilumba akaniandikia nyuma ya risiti:
urefu, gawa kwa kumi na saba nukta nane,
ulichopata ruka, kilichobaki gawa tena,
na tena.
Nikagawa mpaka simu ikaisha chaji.
Vyumba vikazidi kuwa vyembamba kuelekea kifuani,
tofauti na siku za kungoja malipo ya mnada,
ambazo kila moja ni ndefu kuliko ya jana.

Waya wa klachi ya bodaboda niliufumua:
nyembamba zikabaki zilivyo, nene nikazisokota.
Sumaku nilizitoa kwenye spika ya redio ya marehemu baba,
iliyotangaza vifo na bei hadi ikakauka sauti.
Niliipasua kwa nyundo
nikiwa nimeipa mgongo picha yake.

Lakini shaba!
Shaba nyembamba kuliko unywele, ndani ya adapta nne zilizoungua,
ilitakiwa izunguke elfu nane bila kukatika,
na vidole vyangu ni vya kushika magunia.

Somoe alikuwa na sare kumi na mbili za Januari, hazina kola.
Alinitazama nikikata waya mara ya tatu,
akatoa kitambaa kwenye cherehani,
akafunga kibao changu kwenye gurudumu dogo.
"Shika wewe waya. Nakanyaga mimi."
Kila mizunguko mia, korosho moja kwenye bakuli.
Hatukusemezana. Mguu wake tu,
na shaba ikipita baina ya vidole vyangu kama mtu anayenong'ona jina.
Tulifika korosho sabini na moja.
Mwanahawa akaamka, akaliona bakuli,
akachota mkono mzima akachezee.

Basi ni elfu saba na kitu.
Mizani yangu haijawahi kuandika "na kitu".

Jana tumeichomeka kwenye sabufa ya Nambecha, fundi simu.
Ikavuma. Wimbo haukuwamo, mvumo tu,
friji ya baa, nyuki ndani ya debe.
Nikashika nyuzi: kimya.
Nikaachia: ikavuma.
"Ndivyo zilivyo," akasema Nambecha. "Mwili wako unaimezea kelele."
Nikabaki nashika na kuachia, kama mjinga,
miaka arobaini na mbili, sijawahi kumeza kelele ya mtu.

Somoe akaja, chaki ya ushonaji kidoleni,
akaugusa uzi mnene.
Pakatulia hadi tukasikia mbuzi wa Nambecha akicheua.
Ndipo akaudonoa.

Imetoka chini kidogo ya inapopaswa.
Kesho nitaisogeza spoku ya saba.
Awamu ya pili, wanasema, inalipwa Ijumaa.
Sare bado hazina kola.