Msimu wa Kuokota

Walinipa nyonga mpya mwezi wa nne,
wakanirudisha Newala na karatasi ya makatazo:
usiiname kupita kiuno,
usikunje nne,
usichuchumae,
usilalie upande ule.
Mwajabu, mjukuu wangu, alinisomea kwa sauti ya darasani.
Nikamuuliza, sasa kilichobaki ni nini?
Akageuza karatasi. Nyuma hapakuwa na kitu.

Basi mbuzi ya nazi ikahamishwa jikoni,
kigoda wakapewa kuku,
mkeka ukaviringishwa, ukaegeshwa nyuma ya mlango
kama mgeni aliyekosa wa kumkaribisha.
Naswali juu ya kiti cha plastiki,
paji la uso linasujudia hewa.

Ngazi tatu za barazani
nazijua kuliko majina ya shangazi zangu.
Wa heri apande, wa shari ashuke,
ndivyo alivyonifundisha Namtimba, kijana wa mazoezi,
naye ana miguu miwili ya heri.

Mara ya kwanza sikuanguka.
Niliketi tu, bila kukusudia,
kando ya pipa la maji, mbele ya Bi Somoe,
tukacheka wote wawili, yeye zaidi.

Mara ya pili ulikuwa usiku.
Kati ya kitanda na mlango ni hatua nne.
Dunia haikuyumba, taa haikuzimika;
niliuita mguu
nao ukachelewa kuitika.

Sakafu ya saruji ina baridi ya Newala yote.
Nililala pale, sikio chini,
nikisikia Zulfa akikoroma ukuta wa pili,
binti yangu, aliyeuza korosho za misimu miwili
ili mama yake asimame.
Ningeitaje?
Nikahesabu: kilo ngapi za korosho ziko hapa chini nami,
salfa ngapi, vibarua wangapi wa palizi.
Wahenga walisema kujikwaa si kuanguka.
Sawa. Kuanguka kwenyewe je?
Hawakunena, walikwenda zao.

Nilishika mguu wa kitanda.
Kufika adhana ya alfajiri nilikuwa nimekaa,
nimechana nywele.

Siku ya tatu, akiniogesha, Zulfa akasita.
"Mama, hii nini?"
Pajani palikuwa na wekundu wa bibo lililoiva,
pembeni limeanza kuoza.
"Bibo limeniangukia," nikasema.
Akamwaga maji polepole, kata baada ya kata,
na huku kwetu uwandani maji hayamwagwi hivyo.

Kesho yake nikakuta kamba ya katani
toka mguu wa kitanda hadi komeo la mlango,
imekazwa sawasawa na kiuno changu.
Hakuna aliyeisema.
Hata leo.

Sasa ni mwezi wa kumi.
Sisi korosho hatuichumi.
Tunaiacha juu mpaka iamue yenyewe,
na usiku nasikia zinavyoamua:
to, juu ya majani makavu. Kimya. To.
Asubuhi wanawake wameinama shamba zima,
ndoo zao zinajibizana,
mimi pekee nimesimama wima
kama mwenye shamba, kumbe mwenye nyonga.

Mwajabu amenichongea mwanzi,
ncha yake ameipasua mdomo wa kunguru.
Napenyeza, nabana, nainua.
Bibo huchomoka, hurudi chini, nalianza upya.
Jana korosho kumi na moja.
Bi Somoe alijaza debe.

Kisha zoezi la Namtimba:
shika mkorosho, inua mguu wa heri,
umwachie yule mwingine mzigo wote, uhesabu hadi kumi.
Naachia kidole cha mwisho. Kisha wa pete.
Moja. Mbili.
Gome linanukia utomvu.
Zulfa yuko mstari wa nne, amenipa mgongo,
ila ndoo yake imenyamaza.
Tano.
Sita.