Mafundo Mawili

Pita kwangu kwanza, kabla ya boti.
Inua mikono kama mwizi aliyekamatwa,
usicheke, ukicheka mkanda unalegea.
Mimi ndiye Minza wa majaketi, hapa gatini,
na kazi yangu ni kuwafunga watu
wanaokwenda kufurahi.

Ninayo ishirini na sita.
Namba nne ina doa la soda ya zambarau.
Ya kumi na saba haina filimbi:
mtoto wa Shinyanga aliondoka nayo mdomoni
akiipuliza, nadhani, mpaka stendi ya Nyegezi.
Ile ndogo ya njano nimeiandika kwa wino CHEKECHEA,
lakini wiki iliyopita ilimtosha bibi harusi.

Nimewajua watu kwa vifua vyao.
Wakubwa wa ofisi huvuta tumbo ndani,
wakifika katikati ya maji wanapumua, mkanda unalia.
Wanafunzi hugombania nyekundu, wang'ae kwenye picha.
Wachumba huomba niwafunge pamoja.
Nakataa.
Maji hayajui ndoa.

Mkifika Saanane msiwakimbize swala,
wale ndio wenyeji, nyie mmepiga hodi.
Watafuteni wibari, wamelala juani juu ya jabali
kama maandazi yaliyosahauliwa kwenye karai.
Kuna mjusi, kichwa waridi, mkia buluu,
anawapigia wageni pushapu bila malipo.
Halafu pandeni juu, polepole, viatu mkononi,
muone mji unavyokalia mawe,
nyumba juu ya jiwe, jiwe juu ya nyumba,
kama mtu alimwaga vyombo avipange
akaitwa nje, hajarudi.

Njaa ikiwashika, muulizieni Kwandu,
jiko la pili, si la kwanza.
Sato wake hana haraka, na wewe usiwe nayo.
Jumapili kuna ngoma Bujora,
mchezaji anamvaa chatu kama skafu,
chatu mwenyewe ukimtazama vizuri
amechoka kidogo.

Geuka. Nipe mgongo.

Hapa ndipo wageni huniuliza:
mbona mafundo mawili, na kifungo cha plastiki kipo?
Huwa nasema, ah, plastiki za siku hizi.
Huwa nasema, ndiyo utaratibu.

Wewe umeuliza kwa upole, na boti haijajaa.

Mama yangu mdogo alipanda meli kule Bukoba
na mikungu miwili ya ndizi,
na zawadi yangu, sijui ilikuwa nini.
Yuko Igoma, kwenye makaburi yale,
kati ya wale waliozikwa bila kuitwa majina.
Nilikuwa na miaka sita.
Nakumbuka redio. Nakumbuka mama
akisugua sufuria ileile moja tangu mchana
mpaka ikaanza kuonyesha sura yake.

Silichukii ziwa.
Litazame lenyewe, asubuhi kama hii,
jua limeanika senti zake zote juu ya maji
wala haliogopi mwizi.
Wanangu niliwafundisha kuogelea kabla ya kuhesabu,
sasa Jumamosi hawatoki majini mpaka midomo iwe kijivu.
Nataka watu wacheze. Nataka walowe,
wapige mayowe, wapoteze kandambili,
wabishane nani aliogopa.
Nataka tu, jioni, nianike hapa kwenye kamba
ishirini na sita, zote zinachuruzika,
nihesabu, halafu nihesabu tena.

Haya, umekaa sawa. Vuta pumzi. Inabana?
Vizuri, ibane.
Hiyo ndiyo namba kumi na saba,
kwa hiyo ukitaka kitu, piga kelele tu,
filimbi usiitafute.

Na kabla hujashuka, daftari hili hapa.
Jina lako. Si la utani, la kamili.
Sema tena, upepo umelichukua.
Unaliandika kwa S, au kwa Z?